Mkono Uliolegea Si Laana

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parishi, Issenye)



Ndugu wanakamati, wafadhili wetu na wageni waalikwa, nimepewa dakika chache nizungumzie mkono wa mtoto mchanga.

Misuli ya mkono haifanyi kazi bila amri. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo, kisha hutokea shingoni kwa mizizi 5 ya mishipa ya fahamu. Mizizi hiyo husukana nyuma ya mtulinga, hushuka kwapani na kugawanyika kuwa mishipa mikubwa 5. Mmoja huinua mkono begani, wa pili hukunja kiwiko, wa tatu hunyoosha kiwiko na kifundo, na miwili iliyobaki huongoza zaidi kiganja na vidole.

Wakati wa kujifungua, hasa mtoto akiwa mkubwa, kichwa huweza kutoka na bega likakwama. Shingo ikivutika, mizizi ya juu hutanuka au hata kukatika. Mkono hulala ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Jambo hili huweza kutokea hata mbele ya mkunga hodari. Kwa hiyo si laana wala uchawi, na mama asilaumiwe.

Watoto wengi hupona, lakini si wote. Mtoto apelekwe kituo cha afya mapema, achunguzwe pia kama mtulinga umevunjika, na mama afundishwe kumnyoosha viungo taratibu kila siku ili visikakamae. Akifikisha miezi 3 bila kukunja kiwiko, apewe rufaa. Upasuaji wa mishipa, ukihitajika, usingoje mwaka upite, kwa maana msuli uliokaa muda mrefu bila mshipa hunyauka usirudi tena.

Kwa mama wa Issenye, rufaa ni safari ya Mugumu, na pengine hadi Bugando, Mwanza. Bila nauli, barua ya rufaa hubaki kabatini.

Naomba mambo mawili. Kamati zinapotembelea waliojifungua, ziangalie mikono yote miwili ya mtoto. Pili, kila parishi itenge mfuko mdogo wa nauli za rufaa, na wafadhili watuunge mkono hapo.

Bwana wetu alimwita mwenye mkono uliopooza asimame katikati ya watu. Nasi tusiwafiche watoto hawa ndani.