Barua Isomwe Tena Kabla ya Kutiwa Bahashani
(Maneno ya hotuba juu ya mazoea mema ya uandishi)



Mtu asemaye na mwenzake uso kwa uso ana bahati kubwa. Akikosea neno, mwenzake humwuliza, naye hulisahihisha papo hapo. Aandikaye hana bahati hiyo. Barua yake ikifika Kisumu naye yuko Mombasa, hayupo wa kuulizwa. Msomaji atayafuata maneno yaliyomo karatasini, yawe sawa au yawe na kosa. Kwa hiyo yampasa mwandishi kujiuliza mwenyewe, kabla ya kutuma, yale maswali ambayo msomaji angemwuliza. Kazi hiyo ndiyo kusahihisha.

Atazamwe katibu wa chama cha ushirika anayeitisha mkutano. Aandika hivi: "Mkutano utakuwa Jumamosi ijayo saa 3." Kwake yeye maneno hayo ni wazi kama jua. Lakini barua yafika kwa wengine siku ya Alhamisi, na kwa wengine Jumatatu inayofuata, nao hawajui ni Jumamosi ipi. Tena, mwanachama aliyezoea saa za Kiswahili atafika asubuhi. Aliyezoea kuhesabu saa kwa desturi ya Kiingereza atafika alasiri, wenziwe wamekwisha kupiga kura na kwenda zao. Huenda shauri lililokatwa lilikuwa juu ya malipo ya kahawa yake, ambayo ndiyo karo ya watoto wake. Hasara hiyo yote ingalizuiliwa na tarehe moja, pamoja na neno "asubuhi".

Mfano mwingine ni huu: "Juma alimwambia ndugu yake kwamba ng'ombe wake amekufa." Je, ng'ombe ni wa nani? Mwandishi ajua, msomaji hajui; na barua hiyo ikiletwa mbele ya wazee wanaoamua urithi, neno "wake" laweza kuzua ugomvi wa miaka. Katika kusahihisha, mwandishi angeandika: "Ng'ombe wa Juma amekufa, naye Juma alimpasha ndugu yake habari hiyo." Hapo ugomvi hauna pa kuingilia.

Basi, ni mazoea gani yamfaayo mwandishi?

Kwanza, awe na saa maalumu ya kuandika, japo nusu saa kila siku. Mkulima hangoji moyo wake upende ndipo apalilie; hupalilia kwa kuwa wakati wa kupalilia umefika.

Pili, karatasi ya kwanza aiandike mpaka mwisho bila kusitasita. Wako watu waandikao mstari mmoja, wakaufuta, wakauandika tena, na jioni hawana kitu ila karatasi iliyochafuka. Kuandika ni kazi moja, na kusahihisha ni kazi nyingine; anayezichanganya huziharibu zote mbili.

Tatu, aiache karatasi hiyo ilale usiku mmoja. Maneno yaliyoandikwa sasa hivi bado yamo kichwani mwa mwandishi, na jicho lake husoma alilokusudia, wala si alilolitia wino. Barua iliyoandikwa kwa hasira ndiyo hasa ihitajiyo usiku huo. Ikiisha kutiwa posta, hairudi.

Nne, aisome kwa sauti. Mahali pumzi zinapomkatikia, sentensi ni ndefu mno. Mahali ulimi unapojikwaa, neno haliko mahali pake. Mara ya kwanza atazame maana peke yake. Kisha airudie kwa ajili ya majina, tarehe na hesabu ya fedha tu, kwa maana shilingi 150 na shilingi 1,500 hutofautiana kwa sifuri moja.

Tano, ampe mwenzake aisome. Kinyozi hajinyoi. Mwenzake akiuliza, "Hapa wataka kusema nini?" asikasirike wala asianze kueleza kwa mdomo. Maelezo hayo ayaandike karatasini, maana huko ndiko yalikokosekana.

Mwisho, anakili nakala safi, na nyingine aihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda mtu akasema hana nafasi wala mahali pa utulivu. Na amfikirie marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Alianza kazi ya ukarani wa serikali katika forodha mwaka 1926, na kwa miaka mingi aliutumikia ukarani huku akitunga mashairi, insha na hadithi. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958 zilihifadhiwa, zikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufa kwake. Amfikirie pia Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977 na kufunguliwa Desemba 1978. Katika gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za msalani. Askari wa gereza walizichukua, kisha akarudishiwa. Mwaka 1980 ikatoka chapa, ikiitwa Caitaani Mũtharabainĩ, na baadaye yeye mwenyewe akaifasiri kwa Kiingereza.

Wachache ndio watakaotunga vitabu. Lakini karibu kila mtu ataandika barua ya kuomba kazi, taarifa ya chama, au hati ya kugawanya shamba kwa wanawe. Hati hiyo itasomwa siku ambayo mwandishi hayupo tena wa kuulizwa, na wanawe watapatana au watagombana kwa kadiri ya maneno aliyowaachia. Mzazi atakayeisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi amewaachia shamba, na amani pia.