Kalamu na Jembe: Kila Mwenye Haki Apewe Haki Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Choma, Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, baada ya sala ya Alasiri)



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo vijana wetu wengi wameliingia, na mimi mtu mzima nimeliingia pamoja nao, nalo ni kuandika habari zetu na kuzisambaza kwa simu. Sikuja kulilaani jambo hili. Nimekuja kutoa ushahidi juu ya nafsi yangu, ili aliye nyuma yangu asijikwae pale nilipojikwaa mimi.

Njia ya zamani na njia ya leo

Sisi watu wa Mkoa wa Tabora tumezaliwa kando ya njia kongwe. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Tabora, iliyoitwa Kaze siku zile, tarehe 7 Novemba. Ni siku 134! Habari ilitembea kwa mwendo wa miguu ya mpagazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mwendo wa miezi ukawa wa siku. Na leo mtu huketi chini ya mwembe hapa Choma, akaandika neno, na kabla chai yake haijapoa limekwisha somwa Dar es Salaam, Muscat na London.

Lakini wapagazi wale wa Kinyamwezi walikuwa na hekima ambayo sisi tumeipoteza. Mtu alibeba mara nyingi frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, akaenda pwani na kurudi. Hata hivyo wengi wao walifunga safari baada ya mavuno, na walijitahidi wawe wamerudi mvua zinapoanza, ili washike jembe. Waliipenda safari, wakaisifu, wakaiona ndiyo alama ya uanaume. Lakini safari ilikuwa na majira yake, na shamba lilikuwa na majira yake. Sisi simu zetu hazina majira. Ziko nasi masika na kiangazi, mezani na kitandani, na wengine, astaghfirullah, ziko nao hata ndani ya safu ya sala.

Jinsi nilivyoanza

Nilianza kwa nia njema. Niliandika maneno ya wazee juu ya njia ya misafara, bei ya pamba, na mambo ya mvua. Watu wakasoma, wakanitumia salamu. Mtu mmoja aliyeko Oman, ambaye babu yake alipata kuishi Tabora, aliniandikia kwamba maneno yangu yalimliza. Nikamshukuru Mungu, kwani kuunga udugu uliokatika ni jambo jema.

Kisha moyo wangu ukageuka pole pole. Nikawa siandiki tena ili niseme jambo, bali ili nione nani amesoma. Nikiamka usiku, kabla ya kumtaja Mola wangu nilikuwa naishika simu. Mwaka ule funza waliingia katika vitumba vya pamba yangu. Kila jioni nilisema kesho nitanyunyiza dawa, na kila asubuhi niliamka nimechoka kwa kukesha. Nilipokwenda shambani funza walikuwa wamekwisha kula sehemu yao, na sehemu ya ada ya shule ya wanangu. Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu: “Baba fulani, watu wa mbali umewapa habari za pamba, je, pamba yenyewe umeipa nini?” Sikuwa na jibu.

Hilo lilikuwa hasara ya mali, na mali hurudi. La pili lilikuwa zito zaidi.

Jirani yangu mmoja alikuwa na deni, akauza maksai wake wawili, ndio waliokuwa nguvu ya shamba lake. Nikaandika habari ile kwa huruma, nikitaka watu wajue shida ya wakulima. Jina lake sikulitaja. Lakini ndugu zangu, Choma ni mji wa watu wanaojuana. Ni nani asiyejua maksai wa nani wamekosekana? Habari ikaenda hadi kwa wakwe zake. Baada ya siku chache nikaona nafasi yake katika sala ya Alfajiri iko tupu. Nilipomfuata nyumbani, aliniambia: “Ndugu yangu, njaa niliimudu, macho ya watu ndiyo yaliyonishinda.”

Mtume s.a.w. alitufundisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa lile analolichukia ni kusengenya, hata kama ni kweli, na likiwa si kweli basi ni uzushi. Mimi nilidhani kusengenya ni kazi ya ulimi barazani. Sikujua kwamba hata kidole kinasengenya! Nilimwomba radhi mbele ya watoto wake, akanisamehe. Lakini waliosoma nitawafuata wapi? Neno la barazani husikiwa na watu watano, nawe waweza kuwazungukia wote watano.

Haki na mipaka

Mnakumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa r.a., ambao Mtume s.a.w. aliwaunganisha kuwa ndugu. Salman alimtembelea nduguye akamkuta amezama katika ibada, anafunga mchana na kusimama usiku, hata mkewe amekata tamaa ya kujipamba. Salman akamlazimisha ale naye, akamlaza, na sehemu ya mwisho ya usiku wakaamka kusali pamoja. Akamfahamisha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali yake ina haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Mtume s.a.w. alipoelezwa, alithibitisha kuwa Salman amesema kweli. Sasa tazameni: ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka kwa ajili ya haki ya mke na mwili, je, simu isiwe na mpaka?

Na mwandishi ana deni pia kwa wale anaowaandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili baada ya safari zake kwisha. Naye alifariki Zanzibar mwaka 1905. Ameeleza vita vyake na pembe zake. Lakini maelfu ya waliobeba pembe zile, na waliotekwa utumwani, wao hawakupata kalamu. Basi kila mwenye kushika kalamu ajiulize: huyu ninayemwandika, angekuwa na kalamu yeye, angeisema habari hii hivi?

Mambo ninayoyashika sasa

Kwanza, baada ya sala ya Isha simu yangu hulala katika kikapu sebuleni, na siishiki mpaka nimesali Alfajiri. Pili, kuandika kuna siku yake moja katika juma, na wakati wa palizi na wa kunyunyiza dawa siandiki kabisa. Tatu, habari ya mtu siitoi mpaka yeye mwenyewe ameridhia, na ya mtoto mpaka wazazi wake wameridhia. Nne, habari niliyoletewa siipeleki mbele bila kuihakikisha, kama Surat al-Hujurat inavyotuamrisha. Hata serikali imeliona hili: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza uongo, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda mambo ya mtu. Lakini muumini asingoje polisi. Malaika waandishi wako mabegani mwake.

Tano, kabla ya kutuma humsomea mke wangu. Akinyamaza sana, nafuta.

Vijana wangu, andikeni. Mkinyamaza nyinyi, habari za Choma zitaandikwa na wasioijua Choma. Lakini mtu asijulikane Muscat ilhali nyumbani kwake ni mgeni. Jirani yangu amerudi katika safu, al-hamdulillah, na leo yuko hapa. Ni yeye mwenyewe aliyeniruhusu niyaseme haya.

Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu na vidole vyetu, na atupe nguvu ya kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakaatuh.