Katiba Mbili Chini ya Mfalme Mmoja

Sweden ya leo ina mikoa 21 na manispaa 290, na hakuna hata mkoa mmoja wenye katiba yake. Mikoa inaendesha hospitali na usafiri wa umma, inatoza kodi ya mapato, inachagua mabaraza yake kwa kura. Lakini uwezo huo wote unatokana na sheria zinazotungwa na Bunge, yaani Riksdag, jijini Stockholm, na Bunge hilohilo laweza kuzibadili. Katika nchi za shirikisho mambo ni mengine. Majimbo 50 ya Marekani, majimbo 16 ya Ujerumani na kantoni 26 za Uswisi, kila moja lina katiba yake, na halihitaji kuiomba serikali kuu ruhusa ya kuwa nayo. Kipimo ni nani mwenye neno la mwisho juu ya waraka huo. Jina lililoandikwa kwenye jalada si hoja.

Stockholm iliwahi kuishi na hali ya namna hiyo, ingawa halikuwa shirikisho kamili. Januari 1814, kwa mkataba wa Kiel, mfalme wa Denmark alilazimika kuiachia Sweden nchi ya Norway. Wanorway hawakuulizwa. Wajumbe wao wakakutana Eidsvoll, na tarehe 17 Mei mwaka huohuo wakapitisha katiba. Sweden ikaingia vitani, vita vya majuma machache tu, lakini katika mapatano ya Moss ya mwezi Agosti ikakubali jambo kubwa: katiba ile ibaki. Tarehe 4 Novemba Bunge la Norway, Storting, likairekebisha ili iruhusu muungano, ndipo likamchagua Karl wa 13 wa Sweden kuwa mfalme wa Norway pia. Katiba, basi, iliutangulia muungano. Hilo ndilo lililoamua karibu kila ugomvi uliofuata.

Mfalme akawa mmoja, lakini madaraka yake hayakulingana pande mbili. Kwa katiba ya Sweden ya 1809, alipokataa muswada wa sheria, muswada umekufa. Kwa katiba ya Norway aliweza kuuchelewesha tu: ukipitishwa na mabunge matatu yaliyochaguliwa kwa kufuatana, unakuwa sheria apende asipende. Hivyo ndivyo vyeo vya ukabaila vilivyofutwa Norway mwaka 1821, huku mfalme Karl Johan, mrithi wa Karl wa 13, akinung'unika. Alijaribu kupata kura ya turufu isiyopingika, na Storting ikamkatalia.

Mwaka 1815 mabunge yote mawili yalipitisha Sheria ya Muungano, Riksakten. Ilieleza habari za mfalme na urithi wa kiti, na jinsi mawaziri wa pande mbili watakavyokaa pamoja. Wizara ya pamoja ya mambo ya nje haikuundwa. Kazi hiyo ikafanywa na waziri wa Sweden, na mwaka 1885 Sweden ilipobadili katiba yake, mambo ya nje yakazidi kuwa mikononi mwa mawaziri wake. Norway, yenye meli za biashara katika kila bahari, ikawa inasemewa ugenini na watu isioweza kuwawajibisha.

Anayeijua Zanzibar ataona sura anayoifahamu, ingawa mpangilio ni kinyume. Huko muungano ulitangulia, Aprili 1964, na katiba ya Zanzibar inayotumika sasa ikaja mwaka 1984, baada ya mjadala uliomwondoa Rais Aboud Jumbe madarakani, enzi zilizobaki katika kumbukumbu kama kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Mambo ya nje yamo katika orodha ya mambo ya muungano tangu mwanzo. Ndiyo maana Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, ililazimika kujitoa mwaka 1993. Riksakten ilinyamaza pale Hati za Muungano zilipotamka, na ukimya huo uliigharimu Sweden zaidi.

Mei 1905 Storting ilipitisha sheria ya Norway kuwa na mabalozi wake wadogo. Mfalme Oscar wa pili akakataa kuitia saini. Serikali ya Norway chini ya waziri mkuu Christian Michelsen ikajiuzulu. Mfalme akajibu kwamba hawezi kuunda nyingine. Hapo Wanorway wakaigeukia katiba yao. Tarehe 7 Juni Storting ikatangaza kwamba mfalme asiyeweza kuipa nchi serikali ameacha kufanya kazi ya ufalme, na kwa kuwa muungano ulikuwa wa kuwa na mfalme mmoja, nao umekoma. Hoja ya kisheria ya werevu mno, na huko Stockholm iliwachoma wengi kama matusi. Katika kura ya maoni ya Agosti, watu 368,208 waliunga mkono kuvunjwa kwa muungano na 184 wakapinga. Majeshi yalisogezwa mpakani, lakini mazungumzo ya Karlstad yakafikia makubaliano mwezi Septemba: ngome kadhaa za Norway zilizo mpakani zibomolewe, na eneo lisilo na majeshi litengwe. Tarehe 26 Oktoba Oscar akakiachia kiti cha Norway.

Katiba ya Eidsvoll, ikiwa na marekebisho mengi, ingali inatumika. Ile ya Sweden ya 1809 iliondoshwa na nafasi yake kuchukuliwa na ya 1974, ambayo inautaja utawala wa serikali za mitaa na kuulinda, bila kuupa mkoa wowote katiba.