Mizani ya Nafsi



Katika sikukuu hii ya jubilei twahesabu miaka iliyopita, na ni vema. Walakini iko hesabu nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni hesabu ya mtu na nafsi yake. Juu ya hiyo twapenda kusema maneno machache.

Kila mwenyeji wa Dar es Salaam aijua Kariakoo. Jina lake latokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa kambini hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Leo ni mahali pa biashara, na mwamuzi wa biashara ni mizani, ambayo haimpendelei mwuzaji wala mnunuzi. Lakini wako wanaoikimbia. Mazao mengine huja mjini katika lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo yaikataza, maana mkulima hulipwa gunia moja, naye ametoa zaidi. Mwenye kuinunua ajua vema, ila hujiambia, “Ndiyo desturi ya biashara.” Hapo twauona ugonjwa wenyewe: mtu huidanganya nafsi yake kwanza, ndipo aweze kumpunja mwenziwe bila kuona haya.

Tukitafuta mfano wa mtu aliyekubali kupimwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Karibu na soko hilo, katika mtaa uitwao sasa Lumumba, chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na kiongozi wake alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu. Mwaka 1955 ilimpasa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akauacha ualimu pamoja na mshahara wake. Jambo hilo lilikuwa gumu, lakini la pili latustaajabisha zaidi. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na watu wangali wakishangilia, Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama. Mwaka uo huo akaandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Liangalieni jina hilo: hakuwaambia wengine, “Jisahihisheni,” bali alijitia mwenyewe kati yao. Tena mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alitoa taarifa ya yaliyofaulu na yaliyoshindikana, akakiri kwamba Tanzania haijawa nchi ya ujamaa wala ya kujitegemea. Mtu aweza kuipinga siasa yake, na wengi waliipinga. Lakini ni wakubwa wangapi huifungua hesabu yao wenyewe mbele ya watu?

Walakini tusikosee hapa. Kujisahihisha si kujidharau. Ajilaumuye kila siku pasipo kubadili neno lo lote, huyo naye aikimbia mizani, maana ataka kuhurumiwa tu.

Ninyi walimu mwalijua jambo hili. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, na mtoto akanyosha mkono kumwonyesha, ana njia mbili. Aweza kumkemea mtoto. Hapo ataokoka na aibu ya dakika moja, na darasa zima litajifunza kwamba kweli ni mali ya mwenye fimbo. Au aweza kufuta, kushukuru, na kuandika tena. Itamwuma kidogo, lakini watoto watajifunza hesabu, na zaidi ya hesabu. Ndivyo ilivyo kwa mwenye duka aogopaye kulifungua daftari la madeni, na kwa baba ajuaye kwamba ugomvi wa nyumbani umeanza kwake. Deni halipungui kwa kufichwa, na wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi, ndugu zetu, twawaombeni jambo moja dogo. Usiku wa leo kila mmoja wetu alitafute neno moja alilojificha, alitaje kwa jina lake halisi, bila kusingizia desturi, umaskini wala jirani. Asishangae likimwuma. Na asubuhi amwendee mtu yule aliyempunja, akaanze kumlipa.