Cheche ya mtu, kuni za tabianchi

Oktoba 2020, moto ulizuka Kilimanjaro katika eneo la Whona, wanapopumzika wapanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Wakuu wa hifadhi walieleza kuwa huenda ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Wapo wanaohitimisha kwamba basi, mabadiliko ya tabianchi yanasingiziwa tu. Kweli, mara nyingi cheche hutoka mkononi mwa mtu. Lakini meko yaleyale Aprili, masika yakiwa yamelowesha nyasi, yasingefika mbali. Oktoba mlima umetoka katika miezi mikavu, na kadiri hewa inavyopata joto ndivyo inavyofyonza unyevu wa majani. Upepo ukivuma, hakuna wa kuuzuia moto.

Wengine watasema mlima umeungua tangu kale. Umeungua, ila misitu ya miti ya erika katika ukanda wa juu imepungua sana tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya mioto ya kujirudia, na miti hiyo ndiyo hunasa maji ya ukungu. Kumlaumu mpagazi na kuishia hapo ni kumwonea. Kampuni zinazomwajiri zimpe jiko salama la gesi, na hifadhi isimamie kikamilifu marufuku ya moto wa wazi, hasa ukame unapozidi.