Kinu cha Upepo Katika Ramani: Barbados, Tangu 1657

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa katika jiografia ya kihistoria



Barbados ni kisiwa kidogo. Unguja peke yake inakizidi karibu mara nne. Hata hivyo, katika nusu ya pili ya karne ya 17 hakuna koloni la Waingereza katika Amerika lililoingiza utajiri kama hiki, na utajiri wenyewe ulitoka kwenye muwa. Jioni hii sitasimulia historia yote ya sukari. Nitafuata kitu kimoja tu, kinu cha upepo cha kukamulia miwa, na nitakifuata mahali ambapo wapima ardhi walikiandika: kwenye ramani. Hoja yangu naitanguliza. Ramani hizi zilichorwa kwa ajili ya watu wenye mali, na kinu kimo ndani yake kwa sababu kilikuwa mali. Anayezisoma bila kukumbuka hilo atarudi na hesabu ya mali akidhani amepata historia ya kisiwa.

Ramani ya kwanza kuchapishwa ya Barbados imo katika kitabu cha Richard Ligon cha mwaka 1657. Ligon alifika kisiwani mwaka 1647, akakaa kama miaka mitatu, akarudi Uingereza na kuishia gerezani kwa sababu ya madeni. Ramani yake inachekesha na kutisha kwa pamoja. Majina ya wenye mashamba yamesongamana pwani ya magharibi, iliyokingwa na upepo, na sehemu kubwa ya bara bado ni tupu. Katika nafasi hizo amechorwa nguruwe mwitu, wamechorwa ngamia walioletwa kubeba mizigo, na amechorwa mpanda farasi anayewafukuza watumwa wawili waliotoroka. Kitabu hichohicho kina mchoro wa kinu cha miwa, nacho kinazungushwa na wanyama. Kwa Ligon, sukari ilikuwa bado kazi ya ng'ombe.

Tatizo la ng'ombe ni kwamba anakula, anachoka na anakufa. Kwenye kisiwa ambacho misitu ilikatwa karibu yote katika kizazi kimoja ili miwa ipandwe, kila eneo la malisho lilikuwa hasara ya shamba. Upepo haukuhitaji malisho. Sisi wa pwani hii tumezoea kaskazi na kusi zinazopokezana. Barbados haina mapokezano hayo: upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, na unavuma vizuri zaidi katika miezi ya kiangazi cha mwanzo wa mwaka, ambayo ndiyo miezi ya kuvuna. Mnara wa mawe uliojengwa juu ya kilima kidogo ulipata nguvu usiku na mchana.

Hebu tuingie ndani ya mnara huo. Ni mduara mpana chini, mwembamba juu. Paa lake la mbao huzunguka: nyuma yake kuna mti mrefu ulioinamishwa hadi chini, na watu huusukuma ili matanga manne yauelekee upepo. Mhimili wa matanga hugeuza gurudumu la meno, gurudumu hugeuza nguzo iliyosimama katikati ya mnara, na nguzo hugeuza magogo matatu yaliyovikwa chuma, yaliyosimama bega kwa bega. Mtu wa upande mmoja huyalisha miwa, na wa upande wa pili huipokea na kuirudisha ikamuliwe tena. Maji ya miwa hutiririka kwa mfereji hadi kwenye jumba la kuchemshia, ambako hupitishwa katika mfululizo wa masufuria ya shaba, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Yote haya hayana subira, kwani muwa uliokatwa ukilala siku mbili huanza kuchacha. Kwa hiyo msimu wa mavuno ulikuwa msimu wa kukesha, na wengi wa waliolisha magogo walikuwa wanawake. Kidole kilichonaswa kilivuta mkono mzima, na kinu cha upepo hakisimami kwa kuambiwa. Ndiyo maana katika vinu vya Karibi kuliwekwa shoka au panga karibu na magogo, la kuukata mkono kabla mwili haujaufuata. Sijaona ramani yenye alama ya shoka hilo.

Takribani miaka 20 baada ya Ligon, katika miaka ya 1670, Richard Ford alichora ramani nyingine. Sasa kisiwa kimejaa. Mashamba 844 yana majina ya wenyewe, na alama ndogo zinatofautisha kinu cha upepo na kinu cha ng'ombe. Ukiziweka ramani hizi mbili pamoja unaona mapinduzi ya uchumi bila kusoma hata sentensi moja. Lakini Ford alikuwa Mkweka, mfuasi wa dhehebu ambalo wenzetu wa Kaimosi wanalifahamu vizuri, na Gavana Jonathan Atkins alinung'unika kwa wakubwa wake London kwamba mtu huyu, kwa sababu ya imani yake, hakuonyesha makanisa wala ngome. Napenda sana manung'uniko hayo. Gavana alitambua papo hapo kwamba mchoraji amechagua cha kuacha, na kwamba kuacha kwake kuna itikadi. Kilichokosekana ambacho hakikumsumbua ni makazi ya watumwa, ambao wakati huo walikwishawazidi Wazungu kwa idadi. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi. Wamo pia waliotoka upande wetu wa bahari, kwani miaka hiyohiyo meli za Waingereza zilipeleka Barbados mateka kutoka Madagaska.

Ramani ya tatu ni ya William Mayo, aliyepima kisiwa kuanzia 1717 hadi 1721 na kuichapisha 1722. Mayo alikuwa fundi hasa. Baadaye alihamia Virginia, na ndiye aliyepima viwanja vya mji wa Richmond. Makanisa yamerudi, na minara ya vinu imetapakaa kila parokia. Pembeni ameweka picha ya Chuo cha Codrington, ambacho wakati huo kilikuwa bado hakijaanza kufundisha. Hapo ndipo penye utamu kwa msomaji makini. Christopher Codrington, aliyefariki mwaka 1710, aliacha wasia kwamba mashamba yake mawili ya Barbados, pamoja na watumwa wake, yawe ya shirika la Kanisa la Uingereza la kueneza Injili. Shirika likayapokea, likaendelea kusaga miwa, na kwa muda watumwa wake walipigwa chapa ya moto kifuani yenye jina la shirika. Kwenye ramani ya Mayo chuo ni jengo la fahari, na fedha za kulijenga zilitoka chini ya matanga ya vinu vilivyo kando yake.

Karibu karne nzima iliyofuata naipita kwa haraka, kwa sababu ramani zake zinarudia mambo yaleyale. Nitaje tu kimbunga cha Oktoba 1780 kilichoua zaidi ya watu 4,000 kisiwani na kuvunja minara mingi, na uasi wa Aprili 1816, unaofungamanishwa na Bussa wa shamba la Bayley's, ambapo mashamba ya miwa yaliteketezwa parokia baada ya parokia. Mtu anayetegemea ramani peke yake hatajua lolote kati ya haya mawili, maana minara ilijengwa upya mahali palepale na majina yakabaki.

Mahali pa kukawia ni Newton, shamba la parokia ya Christ Church. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jerome Handler na Frederick Lange walichimba hapo makaburi ya watumwa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 570 walizikwa katika kipande hicho cha ardhi, kipande chenye udongo haba ambacho hakikufaa kupandwa miwa. Mwanamume mmoja alizikwa na mkufu wa kauri, meno ya mbwa yaliyotobolewa, pingili za uti wa mgongo wa samaki, shanga za kioo, na ushanga mmoja mkubwa wa akiki nyekundu, wa aina inayotengenezwa Khambhat huko Gujarat. Wanaakiolojia wa pwani yetu wanaijua akiki hiyo, kwani imechimbuliwa katika miji yetu ya kale, Kilwa ikiwamo. Jiwe hilo lilivuka bahari mbili na kufika mikononi mwa mtu ambaye sheria ya kisiwa ilisema hawezi kumiliki chochote, kwa kuwa mwenyewe ni kitu cha kumilikiwa. Makaburi hayo yalibaki bila alama, jirani na kinu chenye alama.

Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, ukafuatiwa na miaka minne ya kile kilichoitwa uanagenzi. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa katika makoloni yake; watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Matanga yakaendelea kuzunguka. Wakati visiwa vingine vikihamia injini za mvuke, katikati ya karne ya 19 Barbados ilikuwa bado na vinu vya upepo vipatavyo 500. Wapo wanaoita hali hiyo uzembe wa kiufundi. Mimi sikubaliani nao. Upepo ulikuwa wa bure, mashamba yalikuwa madogo, na watu walioachwa huru bila ardhi hawakuwa na pa kwenda, hivyo ujira ulibaki duni. Mwenye shamba alikuwa na sababu gani ya kununua injini? Cha mwisho kufanya kazi, Morgan Lewis katika parokia ya Saint Andrew, kilisimama mwaka 1947. Kilikabidhiwa shirika la taifa la urithi mwaka 1962, na baada ya ukarabati wa miaka ya 1990 matanga yake yalizunguka tena, safari hii kwa ajili ya watalii.

Baadhi ya wenzangu huniuliza kwa nini nihangaike na karatasi za miaka 300. Jibu langu ni Drax Hall. James Drax alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutajirika kwa sukari kisiwani katika miaka ya 1640, na shamba hilo bado linamilikiwa na ukoo wake. Mwaka 2024 serikali ya Barbados ilipanga kununua sehemu yake, ekari 50 na ushei, ijenge nyumba za wananchi. Wananchi wakahoji: inakuwaje wajukuu wa waliolima bure walipe mamilioni kwa mrithi wa aliyewalimisha? Waziri Mkuu Mia Mottley akausimamisha ununuzi huo mwezi Aprili. Katika mabishano yale hakuna aliyetilia shaka mipaka ya shamba. Ilipimwa zamani, imesajiliwa, na bei iliyokuwa mezani ilipigwa hesabu kwa ekari hizo. Maswali nayakaribisha, nikianza na wapima ardhi waliomo ukumbini, ambao nimeona wakitikisa vichwa tangu nilipomtaja Ford.