Kinachoshika Mlima

Wakulima mlioshuka leo kutoka milima ya Uluguru:

Naomba mtazame mezani. Kuna bilauri mbili za maji. Katika ya kwanza natumbukiza bonge la udongo kutoka shamba linalochomwa moto na kulimwa kila mwaka. Katika ya pili, bonge kutoka hatua chache pembeni, kwenye ukingo wa nyasi usioguswa na jembe. Mlima mmoja, mvua moja, udongo wa rangi moja. La kwanza linatoa viputo, linameguka, maji yamekuwa uji. La pili limekaa.

Lililolishika ni uhai. Kuvu wa mikoriza huishi mizizini; mmea huwapa sukari, nao huuletea fosforasi kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo zikipita hufunga chembe za udongo, na ute wa bakteria huzigandisha. Mwaka 1996 Sara Wright na wenzake nchini Marekani walieleza gundi inayohusishwa na kuvu hao, wakaiita glomalini. Wanakemia bado wanabishana juu ya umbile lake, lakini kazi ya nyuzi mnaiona hapa kwa macho.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 wakakataa, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa. Wapo walioandika kwamba ulikuwa ukaidi. Mimi naona wazee wale waliujua udongo wao. Kuchimba ngazi kwenye udongo mwembamba ni kuufukia ule wa juu, wenye mboji na nyuzi, na kuupandisha ule wa chini, usio na rutuba. Mazao yakadumaa, na jasho lao likapotea.

Wamatengo wa Mbinga hufanya kinyume. Katika kilimo chao kiitwacho ngoro, hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, kisha huzifunika kwa udongo wa juu wanaouchimba katikati, pakabaki shimo. Shimo hukinga maji. Nyasi huoza ndani ya tuta na kulisha viumbe vyake. Wanapanda maharage, kisha mahindi.

Mteremko uliokwisha kupasuka kwa kina hautashikwa na nyuzi. Huo mwiteni mhandisi. Kwingine kote anzeni na mimea. Nyasi ya vetiva ikipandwa kwa kufuata kontua, shina kwa shina, hupunguza kasi ya maji, na mizizi yake hushuka wima mita 2 hadi 3. Ikikatwa, majani yake yatandazwe shambani, yasichomwe.

Na kwenu wa Mgeta, jambo nililochelewa mno kuwaambia: kabichi haina ubia na mikoriza. Kabichi ikifuatwa na kabichi, kuvu hukosa wa kuwalisha. Mkishavuna, tieni maharage.